Tarakimu Nne

Betri mpya ilikuwa imeshafungwa na nati zimekazwa, lakini gari, badala ya kuwaka, likaanza kupiga kelele.

King'ora kililia chini ya boneti kwa sauti ya kupasua masikio. Fundi umeme wa magari, aliyekuja kwa pikipiki na betri ameifunga nyuma kwa mpira, alishtuka akagonga kichwa kwenye boneti.

"Linadhani mimi mwizi!" akasema, akijisugua utosi. "Umeme ukikatika ukarudi, gari hizi hudhani mtu kachomoa betri makusudi. Sasa linataka namba za siri, mama. Tarakimu nne, alizoweka mwenye gari."

Mwenye gari alikuwa barazani kwenye godoro, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umekufa. Alianguka saa mbili asubuhi akifunga kamba za viatu, na tangu hapo hakutamka neno. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa nzima, njia yote tope. Gari la wagonjwa lilikuwa safari nyingine. Teksi mbili zilishakataa. Gari pekee la kupita tope lile lilikuwa hilo hilo la mgonjwa, na lenyewe lilisimama wiki tatu bila kuwashwa mpaka betri ikafa fofofo.

Daktari alisema waziwazi kwenye simu: mfikisheni kabla ya saa sita. Mkichelewa, tusilaumiane. Na sasa ilikuwa inakaribia saa tano.

"Kata hizo waya basi!" mke wa mgonjwa akasema.

"Nikikata, kulirudisha ni kazi ya siku nzima. Na tukikosea namba mara tano, linajifunga kwa muda wa saa mbili. Tutumie akili, mwalimu."

Akili! Mwalimu alifundisha hesabu miaka kumi na minane, na leo tarakimu nne zilikuwa zinamtoa jasho. Miaka yote mumewe alimwambia, "Mambo ya gari niachie mimi, wewe panda ukae." Naye alipanda, akakaa. Haya, leo ndiyo matunda yake.

Akataja mwaka aliozaliwa mumewe. Fundi akabonyeza vitufe chini ya usukani. King'ora kikaendelea.

Akataja mwaka wao wa harusi. Hola.

Akataja mwaka aliozaliwa yeye mwenyewe. Hola tena.

"Kumbe hata mimi simo!" akasema, akacheka kicheko kilichotaka kuwa kilio.

Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa mdogo wake, ili mama mtu apate nafasi ya kumhudumia mgonjwa. Kelele zilimtia mtoto hofu, akaangua kilio. "Nyamaza, baba. Mama mkubwa yupo," Mwalimu akamtikisatikisa, huku akikimbilia barazani.

Alipiga magoti kando ya godoro. "Mume wangu, namba za gari! Nionyeshe kwa vidole, mkono huu mzima. Tafadhali, nakuomba."

Vidole vilitetema tu. Lakini macho yalikuwa hai. Yakamwacha mkewe, yakaenda kwa shemeji yake aliyekuwa anampangusa udenda kwa taulo, yakatulia huko.

"Anataka maji," Mwalimu akasema. "Mpe maji."

"Daktari kakataza, dada. Yatampalia." Mdogo mtu alijibu bila kuinua uso. Macho yalikuwa yamemvimba. Alikuwa analia tangu asubuhi.

Mwalimu akapandwa na hasira. "Basi acha kulia, unisaidie kufikiri! Mume ni wangu, mbona wewe ndiye unayelia kama mjane?"

Akarudi mbio kwenye gari. Wakajaribu tarakimu nne za mwisho za simu ya mumewe. Haikuwa hiyo.

"Imebaki moja, mwalimu," fundi akasema. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Tukikosa hii, basi. Wengi huweka siku na mwezi. Tarehe ya jambo wanalolipenda. Fikiria taratibu."

Taratibu na roho ya mtu inatoka! Mwalimu akafumba macho. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Kutoka barazani alisikia mumewe akikoroma, mkoromo mbaya, wa mtu anayezama.

"Harusi yetu," akasema. "Mwaka umekataa, lakini hatukujaribu siku. Ishirini na mbili, mwezi wa kumi na moja. Mbili, mbili, moja, moja. Bonyeza."

Fundi akanyoosha kidole.

"Usibonyeze!"

Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma yao, taulo mkononi.

"Una nini wewe?" Mwalimu akamkemea. "Rudi kwa mgonjwa!"

"Siyo hiyo, dada."

"Wewe umejuaje?"

Mdogo mtu alitazama barazani, akamtazama fundi. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo king'ora nusura kiimeze: "Moja. Nne. Sifuri. Saba."

Fundi akamgeukia Mwalimu apate ruhusa. Mwalimu alikuwa anamkodolea macho mdogo wake. Fundi akabonyeza.

King'ora kikakatika. Injini ikawaka kwa mara moja tu.

"Hewaa!" fundi akapiga makofi. "Mleteni mgonjwa, mama! Tumepona!"

Mwalimu hakusogea. Tarehe kumi na nne, mwezi wa saba, miaka miwili nyuma, alikuwa leba amemshika mdogo wake mkono, akimbembeleza amtaje baba wa mtoto.