Chura na Shimo la Barabarani

Alikuwapo Chura mmoja mlalamishi, aliyetaga mayai katika shimo la barabarani lililojaa maji. Kila asubuhi aliisema halmashauri ya wanyama kwa kuliacha shimo hilo wazi, kisha akarudi majini kulea viluwiluwi wake, maana hakuna aliyewahi kuja kuliziba.

Siku halmashauri ilipotoa namba ya simu ya kupokelea kero, Chura alikuwa wa kwanza kupiga. Hata hajarudi majini, Kifaru akatokea akisukuma toroli la kifusi.

“Mbona upesi hivi, kaka?” Chura aliuliza.

“Simu imetuonyesha shimo lilipo. Si wewe uliyelalamika, dada?”

“Nilikuwa nasema tu.”

“Siku hizi kusema tu hakupo. Ukisema, mimi natumwa. Sogea nimwage.”

“Ngoja kwanza, wanangu wamo humo.”

“Basi watoe haraka. Nina mashimo mengine.”

Chura akajitosa, akawasomba viluwiluwi wote kwa mdomo, akatoka mbio kutafuta dimbwi jingine. Njiani simu yake ikaita. Alikuwa Kasuku wa halmashauri.

“Bi Chura, shimo limezibwa. Una malalamiko mengine?”

Alikuwa nayo tele, lakini mdomo ulikuwa umejaa watoto.