Pale Sauti Inapofika

Zama hizo watu walikwenda ng'ambo ya dunia kwa kudondoka. Chombo kiliachiwa kwenye mdomo wa shimo, kikapita kitovu cha dunia, na baada ya dakika arobaini na mbili kikaibuka upande wa pili, kikatulia kitambo kidogo, kikadakwa kwa kulabu. Kisipodakwa, hudondoka tena kurudi kilikotoka.

Chombo cha Hemedi, fundi bomba, kilivunjika kishikio. Tangu asubuhi kilikuwa kikienda na kurudi bila kudakika, na kila safari kiligeukia chini zaidi. Mkewe, Sikudhani, alikaa mdomoni mwa shimo na redio ya mkononi. Chombo kilipokaribia, sauti ilifika kwa sekunde chache.

"Baba Zuhura!"

"Mama Zuhura, mtoto amekula?"

"Amekula. Wanaunganisha kamba ndefu. Ukirudi tena watakutoa."

"Alhamdulillahi. Basi mwambie..." Sauti ikazama.

Mlinzi wa shimo akainamisha macho. Hapakuwa na kamba yoyote, na Sikudhani alijua.

Zikapita dakika themanini na nne. Sikudhani akabonyeza redio, akaita, akaita tena. Redio ilikoroma tu.

"Ameshageuka," mlinzi akasema polepole. "Kuanzia sasa atakuwa anageukia chini ya pale sauti inapofika."

"Amekufa?"

"Hapana, dada. Ana hewa ya siku tatu."

Sikudhani akabonyeza redio, akaanza kuita upya.