Sehemu ya Nne ya Wapita Mbingu

Dude la sayari nyekundu lilikuwa limevaa raba. Salama alisimamisha mkanda, akaisogelea televisheni na kuhakikisha: raba nyeupe, na kamba zake zimefungwa vizuri. Akaandika kwenye daftari, "Dude: alama moja."

Ilikuwa asubuhi, dukani kwa Bashizi, mjini Gitega, Burundi. Bashizi alikuwa Mkongomani wa Bukavu aliyeuza filamu tangu enzi za kaseti, na sasa alitaka kuihamishia kwenye diski mikanda yake ya zamani kabla ukungu haujaimaliza. Tamthilia hii ya anga, Wapita Mbingu, ilikuwa bado inatengenezwa mpaka leo, na watu walizitafuta sehemu zake za mwanzo. Lakini si zote zilifaa. Kazi ya Salama ilikuwa kutazama na kusema ipi ibaki, ipi itupwe.

"Ya nne nimekuwekea we mwenyewe," Bashizi alikuwa amemwambia. "Iko ya baba yako."

Mfasiri wa mkanda ule alikuwa Mustafa wa Muyinga. Zama hizo mfasiri aliizima kabisa sauti ya filamu, akashika maikrofoni, akasema yeye kwa niaba ya wote: shujaa, adui, mtoto, hata mbuzi akipita. Akiongeza chumvi, watu walifurahi zaidi. Salama hakuwahi kuisikia sauti yake. Alizaliwa ukimbizini Tanzania, miezi mitatu baada ya Mustafa kwenda kufasiri filamu Gitega na vita vya mwaka tisini na tatu kumkuta hukohuko. Mustafa hakurudi tena.

Mama yake, Zuena, alimngoja kituo cha basi cha Muyinga mpaka majirani wote wakawa wamekwisha kuvuka mpaka. Akavuka wa mwisho, peke yake, na tumbo lake. Amefariki mwaka huu huko Butihinda, na hitima ya arobaini ilisomwa wiki iliyopita. Kinyongo chake amekwenda nacho kaburini. "Hata salamu hakutuma," alikuwa akisema. "Kaseti zake zilifika Muyinga, salamu hazikufika." Kwa hasira hiyo hakukanyaga tena ukumbi wa video, yeye aliyekuwa akikaa benchi la mbele kila Jumamosi.

Ndiyo maana asubuhi hiyo Salama aliuwasha mkanda kwa hamu. Alitaka neno moja tu la kwao. Hata kikohozi kingemtosha.

Alipata sauti nene, yenye mzaha, ya mtu aliyezoea kupendwa. Kapiteni wa chombo cha anga aliuliza bei ya maharage ya Mwakiro, kule Muyinga. Adui alitishiwa kushtakiwa kwa chifu. Salama akacheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka. "Mfasiri: anazidisha. Alama tatu." Chombo chenyewe kilikuwa sufuria iliyopakwa rangi. Sayari ilikuwa machimbo ya mawe, na matingatinga yalionekana kwa mbali.

Ikafika dakika ya arobaini. Kapiteni amebaki peke yake juu ya jiwe, kofia yake ya kioo imejaa mvuke, mdomo hauonekani. Akaichukua redio. Sauti ya mfasiri ikashuka, mzaha wote ukaisha.

"Mke wangu. Njia zimefungwa, na mimi huku sitoki. Usinisubiri. Ondoka na wenzako, fuateni upande jua linakotokea. Watakaokwambia nimekuacha usiwasikilize. Mtoto akizaliwa, mwambie nilimsikia akipiga teke, nikacheka peke yangu kama mwehu. Nisamehe."

Salama aliurudisha mkanda mara tatu, na mara zote tatu alilia. Alilia kwa wivu, tena bila kuona haya. Mke wa kapiteni, mwanamke wa kutungwa ambaye hata sura yake haikuonyeshwa, alipewa maneno yote hayo kwa sauti ya baba yake Salama. Zuena, aliyempikia na kumfulia, hakupata hata nusu yake.

Akaandika, "Mtunzi wa maneno haya: alama kumi. Mfasiri: zilezile tatu." Kalamu nusura itoboe karatasi.

Bashizi akaingia, akachungulia daftari.

"Mwaka ule barabara yote ilikuwa imefungwa," alisema. "Mi nikapita na baiskeli, njia za porini. Baba yako akanishika mkono: Bashizi, hii isikose kuonyeshwa Muyinga Jumamosi. Akarudilia mara ine! Alipenda kazi, ule mutu."

"Alipenda kazi kuliko watu, Papa Bashizi."

Mzee akalichukua daftari. Akavaa miwani, akaisoma tena ile kumi ya mtunzi. "Lakini hii, hapana. Wenye kujua wanasema sehemu hii ndiyo mbaya kuliko zote. We unaipa kumi?"

Bashizi alikuwa nayo diski ya asili, bila mfasiri, kwa Kiingereza chake. Ilifika juzi kutoka Bujumbura. Salama alisoma Kiingereza kambini. Wakaiweka, wakapeleka mbele mpaka dakika ya arobaini, ili mtunzi apewe haki yake.

Jiwe lilelile, mvuke uleule. Salama alitega sikio, kalamu mkononi. Upepo ulivuma machimboni. Kapiteni akaichukua redio, akaitazama, akairudisha kiunoni. Upepo ukaendelea kuvuma, peke yake, mpaka majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Mbona hasemi na mke wake?" Salama aliuliza.

Bashizi alimgeukia, ameshangaa kweli. "Muke gani? Ule kapiteni hana muke."