Homoni za Sajini Olal

"Fungua mdomo," Aloyo alisema.

Sajini Olal, mtu ambaye makuruta wa polisi walimwogopa kuliko jela, alisimama mlangoni pa nyumba yake katika kambi ya Nsambya akafungua mdomo. Mke wake akanusa. Hakusikia harufu ya mafuta, wala ya yai, wala ya kitunguu.

"Haya, pita."

Mambo yalifika hapo kwa sababu ya karatasi ya daktari. Kwa miezi mitatu Olal alikuwa akivimba. Uso ulikuwa duara kama sinia, tumbo limetangulia, miguu imebaki myembamba kama ya korongo wa jalalani, na mchana alikuwa akisinzia kijiko kikiwa mkononi. Alikwenda kupimwa kwa shingo upande, Aloyo akiwa nyuma yake. Daktari aliyasoma majibu mara mbili. Sukari ilikuwa juu, homoni ya kiume chini, na ile homoni ambayo mwili hujitengenezea ili kukabili misukosuko karibu haikuwepo kabisa.

"Homoni nyingi hivi haziharibiki kwa pamoja bila sababu," alisema. "Ni kama kuna kitu kinaingia kutoka nje, mwili ukaona hauna haja ya kujitengenezea. Unameza vidonge vya pumu? Unachomwa sindano za magoti?"

"Daktari, mdomoni mwangu hakiingii kitu ila chakula cha mama huyu."

Macho ya wote wawili yakamgeukia Aloyo.

"Basi tuanze na chakula," daktari alisema. "Punguzeni sukari na mafuta, mrudi baada ya wiki sita. Na msilichezee jambo hili, anaweza kuanguka ghafla."

Aloyo alirudi nyumbani na hofu ya zamani. Baba yake aliugua sukari. Ilimchukua mguu kwanza, kisha ikamchukua mwenyewe. Na Desemba binti yao Lakica alikuwa anaolewa. Kwenye picha za posa watu walicheka kwamba Afande, kwa weusi wake, anaonekana meno tu, na Olal mwenyewe alicheka kuliko wote. Aloyo hakuwa tayari kuketi harusini kando ya kiti kitupu.

Mchawi alimpata siku ileile: kuku wa kisasa.

"Kuku anakomaa kwa wiki tano!" alimwambia jirani yake Goretti. "Anakomazwa na nini kama si sindano? Sasa homoni za kuku zimempanda mume wangu kichwani."

Kuku akapigwa marufuku. Soda ikafuata, kisha mandazi, kisha roleksi, ile chapati ya kukunjwa na mayai ambayo Olal alikuwa akiila barabarani tangu alipokuwa konstebo. Sasa alikula ugali wa ulezi na malakwang, mboga chachu ya kwao Acholi iliyoungwa kwa ufuta. Samaki, Aloyo alimfuata mwenyewe ziwani Ggaba asubuhi, akimchagua yule ambaye macho yake bado yanatazama. Chai ilikuwa bila sukari. Olal aliinywa kwa uso wa mtu anayekula kiapo.

Alitii yote bila kunung'unika, na hilo ndilo lililomtia Aloyo wasiwasi. Mwanaume anayenyimwa kuku asilalamike, ana jiko jingine mahali.

Hata hivyo, jambo moja lilimpa moyo. Uso wa Olal ulizidi kung'aa. Goretti aliliona kwanza, akaja na bakuli kuomba malakwang. Kufikia Jumamosi wake watatu wa polisi katika safu yao walikuwa wakiwapikia waume zao majani machachu, na Aloyo akipita sufuria kwa sufuria, akionja na kusahihisha.

"Chakula ndiyo dawa," aliwaambia. "Hamumwoni Afande?"

Majibu ya pili yalimvunja nguvu. Sukari ilishuka kidogo tu. Mengine yote yalikuwa mabaya zaidi.

"Mama," daktari alisema taratibu, "kuna kitu hamjaniambia."

Aloyo alimtazama mume wake. Mume wake alitazama dirisha.

Ijumaa Olal akasema anakwenda kumwona rafiki yake Olweny. Aloyo alimpa hatua mia moja, akajifunga kitenge kichwani, akamfuata. Sajini alivuka reli, akateremka mtaa wa Namuwongo, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, akaingia kwenye kibanda kidogo chenye pazia. Ndani mwanamke alicheka. Baada ya muda mfupi Olal akatoka na kifurushi cha gazeti, akakisukumia ndani ya shati, akaondoka haraka.

Aloyo aliomba Mungu iwe sambusa. Moyo ulikuwa unamwambia jambo baya kuliko sambusa. Alingoja mume wake apotee kwenye kona, akalifungua pazia kwa nguvu.

Hapakuwa na jiko. Hapakuwa na kitanda. Alikuwepo mwanamke mmoja wa Kikongo, Exaucée, jina lake limeandikwa kwa rangi ukutani, makopo ya krimu za ngozi yamepangwa chini yake.

"Umempa nini mume wangu?"

"Afande Olal? Kumbe ni wewe mama Lakica!" Exaucée alimshika mikono yote miwili kwa furaha. "Mama, uko na bahati. Bwana yako anakupenda! Kila juma anakuja hapa: 'Nipe krimu ya mke wangu, anataka kung'aa kwenye harusi ya mtoto.' Makopo mawili! Namwambia kila mara hii ni kali, iko na dawa ya hospitali ndani, umpakaze kidogo kidogo."

Kisha akamvuta hadi kwenye mwanga wa mlango, akamtazama usoni, shingoni, mikononi. Tabasamu likamwisha.

"Lakini mama," aliuliza, "mbona kwako haijashika?"