Mkanda wa Bwana Chura

Alikuwako Chura mmoja mwenye kitambi, akihema kwa kupanda tofali moja tu. Mkewe alimshauri awe anaruka kila asubuhi. Kuruka! Mambo ya watoto hayo. Mtu mzima hujifunza karate. Akaenda kwa Mwalimu Panzi, na kwa miezi mitatu akajifunza kupiga kelele na kufunga mkanda. Mateke yangemtoa jasho, akayaweka hadi mwakani.

Siku moja Kunguru alimkuta kando ya dimbwi. Alikuwa akimmezea mate tangu zamani, ila Chura alikuwa mviringo, tena anateleza, hana pa kumshika.

"Ruka majini, baba watoto!" mkewe akapiga ukelele.

"Ngoja kwanza nifunge mkanda," Chura akajibu. "Sisi wa karate hatupigani ovyo."

"Kweli kabisa, heshima mbele," Kunguru akasema kwa upole. "Nikushikie ncha moja, mzee?"

Chura akamshukuru, akakaza fundo barabara. Kunguru akapaa naye.

Panzi alipoletewa habari aliuliza jambo moja tu: fundo lilifunguka njiani?

Halikufunguka.

"Basi," akasema, "amefaulu."