Mwenye Haki ya Masomo

Somo la mawe ya shaba nalo lilikuwa limetoweka. Kapinga aliitazama simu, akaiweka mezani, akaishika tena. Jana lilikuwepo. Juzi lilikosekana lile la milima ya moto.

Hakungoja zaidi. Alitoka mtaani kwao, Hewa Bora, na kitambaa chake cheusi kichwani, akaenda moja kwa moja kwa mwanasheria wa chuo kikuu.

Mumewe, Clément, baba wa mtoto wao Ariel, alikuwa mwalimu wa jiolojia chuoni hapo. Alikuwa amesafiri kwenda Goma kufundisha kwa majuma mawili, vita vikaingia mjini, na tangu hapo simu yake haikuita tena. Kapinga aliwauliza wakimbizi waliofika Lubumbashi, akauliza makanisani, akauliza madereva wa malori. Hakuna aliyemwona. Mwaka ulipopita, ukoo ukafanya matanga bila mwili.

Kilichobaki ni sauti. Masomo aliyoyarekodi Clément yalikuwa bado kwenye mtandao wa chuo, na kila jioni Kapinga alifungua moja, akapika huku mumewe akieleza habari za mawe. Alijua hata pale anapokohoa.

"Maître, munafuta masomo ya bwana yangu juu ya nini?" alimwuliza mwanasheria, Mukuka, kabla ya salamu.

"Ikala kwanza, Mama Ariel." Mukuka alimwonyesha kiti.

"Siikale. Muntu akikufa, droit d'auteur, haki ya kazi yake, inabakia kwa bibi na batoto. Chuo haina kintu pale!"

Mukuka alivua miwani. "Unasema kweli. Masomo si ya chuo, shiye tunayaweka tu. Lakini hatuyafute shiye. Mwenye haki njo anayaondosha."

"Mwenye haki ni miye!"

"Kuko muntu mwenye aliomba yaondoshwe. Tuliangalia, tukaona haki iko yake."

Kapinga akakaa. Kumbe kuna mtu anayetaka kumzima Clément mara ya pili, na nyumba ibaki kimya kabisa.

"Ni shemeji Antoine? Alikwisha kubeba motokari, sasa anataka na sauti?"

"Haiko Antoine."

"Basi ni mwanamuke. Sema tu, Maître. Bwana yangu alikuwa na mwanamuke kule mutaa ya Karavia?"

Mukuka alifuta miwani kwa pindo la shati, akaitazama kwenye mwanga, akaifuta tena.

"Mama Ariel, mwili muliuona?"

"Ungeonekana wapi, katika vita vile?" Machozi yalikuwa yamemfika, akayarudisha. "Nitaenda mpaka tribunal, mahakamani. Nitasimama mbele ya juge, nimwulize: muntu gani iko na haki kupita mujane? Niliolewa naye kanisani. Nilimulilia. Bamama ba kanisa beko bashahidi. Huyo muntu alimulilia wapi?"

Mwanasheria aliinuka, akaufunga mlango, akarudi kuketi kando ya Kapinga, si nyuma ya meza.

"Jina lake, Maître," Kapinga alisema. "Nipatie jina tu."

"Mama, ni Clément mwenyewe. Alikuya hapa siku ya lundi, akitoka Sakania, ku mupaka wa Zambia, na akatuomba kitu kimoja: weye usijue."