Chokaa ya Mierezi

Mierezi mitatu mbele ya jumba la kale ilitangazwa kuwa urithi wa mji. Mingine yote ingekatwa kupisha barabara. Jioni hiyo Mzee Shekalage, mtunza bustani, aliyapaka chokaa mashina ya ile mitatu, kama afanyavyo kabla ya kila sikukuu, ili wakataji wajue kuwa haiguswi.

Asubuhi aliikuta yote mitatu imelala chini. Mingine bado ilikuwa imesimama.

"Si wewe mwenyewe uliyetuwekea alama, Mzee?" msimamizi wa wakataji alishangaa. "Kwetu sisi, mti wenye chokaa ndio wa kukatwa."

Shekalage alichukua brashi yake, akapiga magoti, akaanza kukipaka chokaa kisiki cha kwanza, taratibu, akikizunguka, kana kwamba kesho ni sikukuu.